Boksi lisiitwe kwa jina la ofisi

Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa Jiji. Wananchi wengi waliona kibao kimebadilika, basi. Kwa mtunza kumbukumbu kazi ndiyo kwanza ilianza, maana jina ni lile lile ila chombo ni kingine. Kabla ya mwezi ule "Jiji" lilikuwa juu ya manispaa tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Baada yake, Jiji ni ile iliyokuwa Ilala.

Sasa chukua boksi stoo lililoandikwa kwa kalamu nene JIJI – VIBALI VYA UJENZI. Jiji lipi? La pembeni yake liliandikwa ILALA, likakatwa mstari, juu yake pakaandikwa JIJI. Ndani majalada ni yale yale ya Ilala, na sasa hakuna atakayeyatafuta humo.

Ndiyo maana nasema boksi lipewe namba tu. Jina la ofisi lisikae kwenye boksi wala kwenye rafu. Boksi linajibu swali la wapi. Ofisi inajibu swali la nani. Kwenye programu ya nyaraka, kila jibu liwe na ukurasa wake, uandikwe mara moja, kisha maelezo ya jalada yaunganishwe na kurasa zote mbili. Boksi likihamishwa chumba kwa sababu dari linavuja, unabadilisha ukurasa wa boksi, na majalada yote yaliyomo yanafuata. Ofisi ikivunjwa, boksi haliguswi.

Programu za kufanya hivyo zipo, na ni huria. ArchivesSpace inakupa jengo, ghorofa, chumba na rafu, na inakumbuka boksi lilikaa wapi kabla halijahamishwa. AtoM, iliyoanza kwa msaada wa Baraza la Kimataifa la Nyaraka, ni nyepesi zaidi: unataja aina ya kitu kinachobeba majalada (boksi au kabati), jina lake na mahali kilipo. Ila hapo kwenye mahali inapokea chochote utakachoandika. Mmoja akiandika "Chumba 2", mwingine "Chumba Na. 2" na wa tatu "chumba cha pili", kompyuta inahesabu vyumba vitatu. Kubalianeni kwanza namna ya kuandika, mbandike karatasi ukutani.

Kwenye majina ndiko kwenye utamu na ugumu. Kiwango cha kimataifa cha ISAAR (CPF), kinachoelekeza namna ya kuandika majina ya waliotengeneza nyaraka, toleo la 2004, kinalazimisha mambo manne tu: aina ya mhusika (taasisi, mtu au familia), jina rasmi, miaka ya kuwepo kwake na namba ya utambulisho. Kwa mji wetu, miaka ndiyo inayookoa. Halmashauri ya Jiji iliyokoma 2021 ina ukurasa wake. Tume ya Jiji, iliyoendesha mji badala ya halmashauri 1996 hadi 2000, ina wake. Manispaa ya Ilala ina wake, na umeunganishwa na Jiji la sasa kama mtangulizi na mrithi.

Anayenufaika ni yule mrithi wa nyumba Kariakoo anayetafuta kibali cha ujenzi cha 2009. Anajua nyumba iko Jiji, kwa hiyo anaulizia Jiji. Majina yakiwa yameunganishwa, karani anafungua ukurasa wa Jiji la sasa, anaona limetanguliwa na Manispaa ya Ilala, anafuata kiungo, anapata jalada na namba ya boksi. Yasipounganishwa, ataambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo atatafutiwa kule kule.

Inaniuma kuona ofisi inanunua skana kabla ya hili kufanyika. Picha safi ya jalada lisilojulikana ni la nani haimsaidii mwenye nyumba. Fedha za mwanzo zilipe watu wa kupanga rafu na kubandika namba. Ruhusa ya kufungua jina jipya kwenye programu ibaki kwa mtu mmoja, na kabla hajalifungua aangalie Gazeti la Serikali, linakotangazwa jina rasmi.