Platini ibaki au itoke? Ubishi wa wenye BMW za zamani

Wenye BMW za zamani za silinda mbili, zile zinazopozwa kwa upepo na zilizoundwa Spandau, Berlin, kuanzia 1969, wana ubishi ambao haujapata mshindi mpaka leo: platini ibaki, au ing'olewe kuwekwe mfumo wa elektroniki wa kutoa cheche? Nazungumzia R60/5, R75/5, R90S, R100/7 na ndugu zao, pikipiki ambazo silinda zimechomoza kushoto na kulia kama masikio ya mtu aliyenyolewa upara. Ujerumani bado ziko nyingi barabarani. Kwetu utaiona mojamoja, imejaa vumbi, mwenyewe akiwa safarini kuelekea Cape Town. Ukimwambia fundi wa mtaani "boxer", jina la injini zenye silinda za namna hii, atawaza Bajaj ya bodaboda, ambayo silinda yake ni moja tu. Hii ni mashine nyingine kabisa.

Platini ni swichi ndogo iliyojificha nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini. Ncha ya kamshafti inaifungua na kuifunga, na kila inapofunguka umeme wa koili unakatika ghafla, cheche inaruka kwenye plagi. Nafasi yake ikiwa wazi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Ubishi wote umo ndani ya nafasi hiyo.

Wanaotaka itoke wana hoja nzito. Platini inaguswa na kamu (nundu ya kamshafti) muda wote injini inapozunguka, kwa hiyo kisigino chake kinalika. Kikilika nafasi inapungua, nafasi ikipungua cheche inachelewa, na cheche ikichelewa injini inapata joto, inapoteza nguvu na kunywa petroli zaidi. Hayo yote yanakuja polepole, na mwenye pikipiki anayazoea bila kujua. Kondensa, kifaa kidogo kinachozilinda nyuso za platini zisiungue, nayo ikichoka, nyuso hizo zinaungua na kuota vijipele. Halafu kuna spea. Platini na kondensa zinazouzwa leo hazifanani zote kwa ubora, na nyingine unaifunga asubuhi, jioni unaifungua tena.

Hoja yao kubwa zaidi ni kwamba kiwanda chenyewe kiliachana na platini. Kuanzia modeli za 1981 BMW iliweka kihisi kisichogusana na chochote, na moduli ya elektroniki chini ya tangi. Kama waliounda injini walikubali kwamba kuna njia bora, kwa nini wewe ung'ang'anie ya zamani?

Mimi naongeza jambo ambalo watetezi wa elektroniki wenyewe hawalitaji sana. Kifuniko kile cha mbele kimefunika pia alteneta inayozalisha umeme na bodi ya dayodi inayougeuza uweze kuchaji betri, na huko ndani kuna nyaya zenye umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Ukikitoa bila kwanza kufungua waya wa hasi wa betri, chuma kinaweza kugusa pasipotakiwa na bodi ya dayodi ikaungua hapo hapo. Mwenye platini anafungua kifuniko hicho mara nyingi kuliko mwenzake. Siku moja ya haraka inatosha.

Upande wa pili hauna cha kukionea haya. Platini ikianza kuchoka inakupa taarifa: pikipiki inawaka kwa shida, inamisi kidogo, inakosa pumzi mlimani. Unasimama chini ya mti, unatoa vibati vya kupimia nafasi na bisibisi, unasugua nyuso kwa msasa laini, unaweka nafasi upya, unaondoka. Hata kama huna kipimo, kipande cha karatasi ngumu kitakufikisha mjini. Mfumo wa elektroniki hauna tabia hiyo. Ukiwa mzima ni mzima kabisa; ukifa umekufa, na pale ulipofia ndipo utakapolala. Mbaya zaidi ni kile kifo cha joto: kihisi kinazima injini ikishapata moto, kinarudi kikipoa, na ukifika kwa fundi pikipiki inawaka vizuri kabisa kama vile ulikuwa unaota.

Pia kuna suala la betri. Alteneta za miaka hiyo ni ndogo, na pikipiki ikitembea mwendo wa foleni na taa zikiwaka, chaji inakuwa hafifu. Platini inaweza kutoa cheche kwa betri iliyochoka kiasi ambacho vifaa vingi vya elektroniki vinagoma. Kwa mtu wa Hamburg mwenye duka la spea mtaa wa pili, hili si kitu. Kwa mtu aliye Singida, ni safari nzima.

Ipo na hoja ya heshima, kwamba kuitoa platini ni kuharibu uasili. R90S, kwa mfano, ina historia: Reg Pridmore alichukulia ubingwa wa kwanza wa mbio za pikipiki za AMA Superbike kule Marekani mwaka 1976 akiwa juu ya pikipiki hiyo, na wakusanyaji wanalipa pesa nyingi kwa iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Lakini hoja hii naiona nyepesi. Vifaa vingi vya elektroniki vinafungwa bila kutoboa wala kukata chochote. Weka sahani ya platini kwenye mfuko, siku ya kuuza irudishe.

Kinachonisumbua katika ubishi huu ni kingine. Watu wengi wananunua elektroniki kutibu ugonjwa ambao hauko kwenye platini. Pikipiki inamisi, mtu anaagiza kifaa kutoka Ulaya, anakifunga, na inaendelea kumisi.

Hebu tuutazame mfumo ulivyo. Injini ina silinda mbili, lakini platini ni moja, na koili mbili za volti 6 zimeunganishwa kwa mfuatano. Platini ikifunguka, plagi zote mbili zinatoa cheche kwa pamoja. Kwa hiyo ikiwa ni silinda ya kushoto tu inayomisi na ya kulia inafanya kazi sawasawa, platini iache kwanza. Hamisha plagi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha waya wa plagi na kofia yake, kisha badilisha koili upande kwa upande. Ugonjwa ukihama na kifaa, umempata mhalifu. Usipohama, toka kwenye umeme, nenda kwenye kabureta na valvu.

Kabureta za Bing zenye utando wa mpira zina udhaifu mmoja unaojulikana. Utando ukichanika, hata tundu dogo tu, ule mlango wa ndani haupandi inavyotakiwa na silinda ile inakataa resi: ikisimama inanguruma vizuri, ukivuta inakaba. Uzuri ni kwamba bakuli la chini linashikwa na kipini cha waya unachokifungua kwa kidole bila spana, na utando unaufikia kwa kufungua skrubu nne za juu. Hapa sijawahi kumsikia mtu akitetea uasili. Mpira wa miaka ya 1970 ni uchafu tu.

Valvu ndizo za kwanza kabla ya yote hayo. Kwa R100 nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.10 na ya kutoa 0.20, injini ikiwa ya baridi. Mpangilio wa kazi haubadiliki: valvu, halafu taimingi (wakati wa cheche kuruka), halafu kusawazisha kabureta. Ukianza na kabureta utazirekebisha zifidie kosa la valvu, na kesho utaanza upya. Na ukiona nafasi ya valvu ya kutoa inajibana kila unapopima, usifurahie ukimya wa injini. Kiti cha valvu kinaliwa. Hili lilizungumzwa sana petroli ya risasi, iliyokuwa ikilinda kiti hicho, ilipoondolewa, ambapo Afrika kusini mwa Sahara ilimalizana nayo mwanzoni mwa 2006. Elektroniki haina dawa yake.

Kuna jingine linalowakwaza walionunua. Cheche inatakiwa itangulie zaidi kadiri injini inavyokwenda kasi, na katika pikipiki hizi kazi hiyo inafanywa na vizito viwili vidogo na springi zake kwenye ncha ya kamshafti. Baadhi ya vifaa vya elektroniki vinabadilisha platini peke yake na kuviacha vizito vile vile na springi zilizolegea. Ukiachia resi injini haishuki haraka, na ukimulika taa ya taimingi kwenye dirisha la flaiwili, alama ya S inayotakiwa kutulia wakati wa mwendo wa chini inachezacheza. Springi mbili mpya zingemaliza kazi kwa pesa ndogo sana.

Kisha chaji, ambayo kwangu ndiyo inayostahili pesa kabla ya platini. Ukiwasha swichi taa nyekundu ya chaji lazima iwake, na injini ikishika kasi izimike. Taa hiyo si ya kukuonya tu: umeme unaopita ndani ya balbu ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, kwa nyingi ya pikipiki hizi betri haichajiwi, na mwenyewe anaona raha kwamba taa nyekundu haiwaki. Wangapi wamenunua betri mpya kwa ajili ya balbu! Kama taa iko sawa, toa brashi na upime rota, sehemu ya alteneta inayozunguka, kati ya pete zake mbili za shaba. Unatakiwa uone ohm chache, kama 3 hivi. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Ikionyesha pete inawasiliana na mwili wa rota, nayo imekwisha. Katika matoleo ambayo bodi ya dayodi imekaa juu ya miguu ya mpira, mpira unakatika kwa joto na mafuta, bodi inaning'inia. Hapo miguu ya chuma ni bora kuliko ya kiwanda, hata aliyeapa kutunza uasili akubali yaishe.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku, asiyependa kushika spana na mwenye duka la spea karibu, platini itoke. Ataitelekeza, na platini iliyotelekezwa ni mbaya kuliko elektroniki yoyote. Kwa anayekwenda mbali, naunga mkono njia ya katikati ambayo pande zote mbili huidharau: platini ibaki, ila iongezewe kisanduku cha transista kinachobeba mkondo mkubwa wa koili. Platini inabaki kupeleka ishara tu, nyuso zake haziungui, na kisanduku kikifa njiani unarudisha waya mmoja au miwili ulipokuwa mwanzo na kuendelea. Kisigino bado kitalika, kwa hiyo tone la grisi kwenye kile kitambaa kinachopaka kamu ni lazima. Aliyeamua kuweka elektroniki kamili naye abebe sahani ya zamani pamoja na kondensa yake, na aweke alama kwa msumari mahali ilipokaa kabla ya kuitoa, kwa sababu kupata taimingi upya gizani kando ya barabara si mchezo.

Wenye modeli za 1981 na kuendelea hawana platini ya kubishania, lakini wana pesa ya kuokoa. Injini ikizima ikiwa ya moto, usikimbilie kununua moduli. Ifungue chini ya tangi, safisha mgongo wake, paka upya ile grisi nyeupe inayopitisha joto, ifunge imebana vizuri na ujaribu tena. Na unapopima cheche usiache waya wa plagi ukining'inia hewani: plagi iguse chuma cha silinda, la sivyo umeme utatafuta njia ya kupita ndani ya koili au moduli yenyewe.