Kabla ya Kukata Utepe, Kaa Dukani

Ukumbi ulikuwa umelipiwa, fulana zimechapishwa, mgeni rasmi amethibitisha kuja. Nilikuwa mmoja wa wasanidi wanne tuliotengeneza aplikesheni ya kuandika madeni ya maduka ya rejareja, kazi ambayo mwenye duka huifanya kwenye kaunta buku iliyofungwa kamba pembeni ya mizani. Siku ya uzinduzi kila kitu kilikwenda vizuri. Watu walipiga makofi, tukapiga picha, tukarudi nyumbani tukiamini kazi imeisha. Wiki moja baadaye tulifungua takwimu. Waliopakua walikuwa wengi, waliomaliza kujisajili wachache mno.

Nikaenda Manzese kwa mama mmoja mwenye duka, nikamwomba ajisajili huku nikimtazama. Nilikaa juu ya kreti la soda, nikajiapiza kutosema neno. Simu yake ni ya kioo kidogo, kimepasuka kona ya juu. Akaandika namba, akaandika jina, akasimama hapo. Akaigeuza simu kidogo, akaniangalia. "Mwanangu, sasa hapa namalizia wapi?"

Kitufe cha kuendelea kilikuwepo, ila kibodi ikifunguka inakifunika chote. Kwenye simu zetu za ofisini, zenye vioo virefu, kilionekana muda wote. Miezi 7 tulifanya kazi ile na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuijaribu kwenye simu kama ya yule mama. Nilipomwonyesha, akabonyeza, akasubiri meseji ya namba za uthibitisho. Kabla haijafika akaingia mtoto anataka mafuta ya kula ya mia tano. Mama akaweka simu chini, akapima mafuta, akatafuta chenji. Aliporudi meseji imeshafika, lakini namba zenyewe zimeisha muda, maana tulizipa dakika 2. Ikabidi aanze upya. Mimi ningekuwa yeye ningerudi kwenye kaunta buku langu, na wengi ndivyo walivyofanya.

Tangu siku ile nina msimamo ambao nautetea popote nikiitwa kushauri: fedha na siku zinazokwenda kwenye sherehe ya uzinduzi ziende kwanza kwa watu wachache watakaoitumia bidhaa kabla ya wengine wote, katika shughuli zao za kweli, na sisi tukiwa tumekaa kando tumefunga midomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Mkono unawasha kuonyesha pa kubonyeza, na ukishaonyesha tu, hutajua tena mtu angekwama wapi.

Historia ya hapa kwetu Afrika Mashariki inaniunga mkono. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na wengi tunaikumbuka kama kitu kilicholipuka mara moja. Kumbe majaribio yalikuwa yameanza Oktoba 2005, kwa wateja wapatao 500 tu, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la mwanzo lilikuwa kurejesha mikopo kwa simu. Walioendesha majaribio yale wakaona wateja wanafanya mambo yao mengine: mmoja anamlipia mwenzake rejesho, mwingine anaweka pesa kabla ya safari ili aitoe akifika, wengine wanatumiana tu. Bidhaa iliyoingia sokoni ikajengwa juu ya kutuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yakaachwa pembeni. Wangeizindua 2005 kwa mbwembwe kama chombo cha kulipia mikopo, sidhani kama tungekuwa tunaizungumzia leo.

Jambo jingine ni tarehe. Kwetu mara nyingi tarehe hupangwa na ratiba ya mgeni rasmi, na mfumo unalazimishwa kuikimbilia. Marekani yaliwakuta hayo hayo mwaka 2013 kwa tovuti ya bima ya afya ya HealthCare.gov. Siku ilishapangwa, Oktoba 1, majaribio hayakutosha, na nyaraka zilizotoka baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha ni watu 6. Serikali yenye fedha zote zile. Msanidi akisema bado, asikilizwe, hata kama kadi zimeshasambazwa.

Yapo na mambo ya makaratasi yanayokula muda, na ni vizuri kuyaanza mapema. Akaunti mpya za wasanidi binafsi kwenye Play Store sasa zinatakiwa kwanza kufanya majaribio ya walioalikwa tu (closed testing) na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wenzangu wanalilalamikia sharti hilo, mimi naliona ni zawadi. Na kwa Tanzania, ukikusanya majina na namba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, pamoja na kujisajili kwenye Tume yake. Daftari la madeni ni siri za watu. Nani anadaiwa unga, nani hajalipa miezi mitatu, hayo si ya kuachwa ovyo kwenye seva.

Sisi tulianza upya na maduka 12, kila mmoja wetu akabeba matatu. Kitufe tukakipandisha juu ya kibodi, muda wa namba za uthibitisho tukaurefusha, na mtu akiacha katikati anakuta alipoishia. Tukakubaliana nani anashika simu ya wateja kwa zamu, na tukajaribu kabisa jinsi ya kurudisha toleo la zamani endapo jipya litaharibika. Kisha tukawafungulia watu wote Jumanne asubuhi, bila ukumbi.

Saa 2 na nusu simu ya kwanza ikaita, zamu ilikuwa yangu. Baba mmoja wa Mbagala alitaka kuandika deni, aplikesheni inamdai jina la pili la mdaiwa. "Mimi namjua kwa jina la Baba Shani tu," akasema, "na yuko hapa mbele yangu anasubiri mchele." Nikamwomba radhi, nikaandika jina lile kwenye karatasi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeliondoa sharti la majina mawili.