Riadha ya vyuo vya kusini: tunawaomba wahitimu kitu wasichonacho

Kila jumuiya ya wahitimu ina kundi lake la WhatsApp, na kila kundi lina mada inayokesha. Katika kundi la chuo kimoja cha huku kwetu kusini, mada hiyo ni riadha. Mtu alipendekeza kila mhitimu atoe shilingi 2,000 kwa mwezi ili timu ya riadha na mbio za nyika ipate msimu wa maana, badala ya kukusanywa wiki mbili kabla ya mashindano ya vyuo vikuu ya TUSA na kupandishwa basi. Jibu la kwanza halikuchelewa: watoto wanazuiwa mitihani kwa sababu ya ada, ninyi mnawaza kukimbia? Kundi likagawanyika hapo hapo na mpaka leo halijaungana.

Upande wa ada una hoja, na wanaoubeza kwa kuuita ushamba wa michezo hawautendei haki. Tupige hesabu. Wahitimu 200 wakitoa 2,000 kila mwezi bila kuruka, kwa mwaka zinapatikana milioni 4 na laki 8. Tukikadiria ada ya shahada ya ualimu kuwa milioni moja na laki mbili, hao ni wanafunzi wanne wanaovuka mwaka salama. Ukimwambia mama wa Kitangari aliyeuza korosho zote na bado hajafikisha ada kwamba milioni nne zimekwenda kwenye jezi na nauli, hutakuwa na maneno ya kumjibu.

Halafu hao wahitimu wenyewe ni akina nani? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu waliohitimu tangu miaka ya 1960, wengine majaji, wengine wakurugenzi wastaafu wenye pensheni na majumba. Stella Maris hapa Mtwara, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), kilianza 2009. Wahitimu wake wa mwanzo kabisa hawajafika hata katikati ya utumishi. Wengi ni walimu wa sekondari, na aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa sheria iliyorekebishwa 2016. Toa na makato mengine, toa mchango wa harusi ya mwalimu mwenzake, toa na rambirambi. Kinachobaki unakijua.

Kwa hiyo anayesema wahitimu wetu hawana fedha za kuendesha timu anasema kweli. Anapokosea ni kudhani kwamba akishathibitisha hilo, mjadala umekwisha.

Wanaotaka riadha nao wamechangia kujiharibia. Hoja yao kila mara inaanzia Marekani. Wanamtaja Suleiman Nyambui, aliyetoka Majita mkoani Mara, akasoma University of Texas at El Paso, akachukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Yote ni kweli na inafurahisha kuyasoma. Lakini wakimaliza hapo wanarukia kusema "tuwe na wahitimu kama wao", kana kwamba kilichomjenga Nyambui ni matajiri waliokaa jukwaani.

Hata huko kwenyewe mambo si laini. Mwezi Mei 2020 Chuo Kikuu cha Brown kilitangaza kuifuta timu yake ya wanaume ya riadha na nyika. Wanariadha na wahitimu walikuja juu, na Juni mwaka huohuo uongozi ukairudisha. Clemson nao walitangaza kuifuta ya kwao Novemba mwaka huohuo, wakabadili uamuzi Aprili 2021. Vyuo hivyo si maskini. Riadha ni mchezo usioingiza viingilio, na mpira ukitaka fedha zaidi, mkimbiaji ndiye anayeguswa kwanza. Tangu 2025, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kuwalipa wanamichezo vimewekewa ukomo wa watu 17 kwa timu ya nyika. Nasi tunaujua wivu wa mpira: ukisema "michezo" mbele ya mfadhili wa Mtwara au Lindi, ameshafikiria uwanja wa Nangwanda Sijaona au wa Ilulu siku ya mechi.

Cha kuiga kutoka kule ni kitu kidogo kuliko fedha, nacho ndicho sijakiona kikijadiliwa kwenye kundi lolote: namna mbio za nyika zinavyohesabiwa. Timu inaingiza watu saba. Wa kwanza watano kufika ndio wanaohesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Mkishika nafasi ya kwanza mpaka ya tano mna alama 15, na chini ya hapo hakuna. El Paso, mwaka mmoja baada ya Nyambui kushinda nyika ya vyuo vyote kama mtu binafsi, ilimaliza fainali ya 1981 kwa alama 17.

Sasa mtazame huyo mtu wa tano. Nyota wa timu akiwa wa kwanza au wa tatu, tofauti ni alama mbili. Mtu wa tano akichoka na kushuka kutoka nafasi ya 30 hadi ya 75, timu imeongezewa alama 45 na hakuna nyota wa kuzifuta. Kocha mwenye akili anatumia muda wake mwingi kwa mtu wa tano, wa sita na wa saba, watu ambao hawatapata medali maishani mwao: binti wa mwaka wa pili anayesomea Kiswahili na Jiografia, kijana wa Liwale aliyezoea kutembea kwenda shule. Mchezo huu, ukichezwa kama timu, unamlipa mwanafunzi wa kawaida aliyejitahidi. Wanaosema riadha ya chuo ni anasa ya wachache wenye vipaji wanafikiria mita 100.

Na mtu wa tano hatengenezwi na safari moja. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Timu inaondoka alfajiri, inakaa kwenye basi siku nzima, miguu inavimba, inalala kwenye bweni la watu, kesho yake inakimbia dakika thelathini na kitu, halafu inarudi. Kilomita 1,120 za kukaa kwa ajili ya 10 za kukimbia. Mwaka ambao mvua imeamua, hata hizo hazipo: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakabaki kila upande. Bajeti ya riadha ninayoona ikiombwa kwa wahitimu karibu yote ni ya safari hii. Basi, posho, jezi. Jezi hizo mwaka wa uchaguzi huja na picha ya mtu mgongoni, ila tuyaache hayo.

Msimu ni kitu kingine. Msimu ni mbio tano au sita, kila baada ya wiki mbili, ili mtu ajue alikuwa wapi na sasa yuko wapi. Msimu wa namna hiyo hauhitaji Dar. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110. Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa ni safari za Coaster za kwenda na kurudi siku moja, au za kulala usiku mmoja tu. Uwanja wa nyika hauna masharti ya lami wala mistari ya chokaa. Ni shamba, kichaka, mteremko na kilima. Mtu akitoka Mtwara mjini mpaka Mikindani amekimbia karibu umbali ule ambao wanaume wa vyuo vya Marekani hukimbia fainali yao.

Hapa ndipo ninapoona pande zote mbili zimewasoma vibaya wahitimu wetu. Wanaonekana maskini kwa sababu tunawahesabu kwa shilingi. Wahesabu kwa mahali walipo. Mhitimu wa ualimu wa chuo cha kusini yuko sekondari ya kata huko Tandahimba, yuko Chikundi, yuko Mahuta, yuko Kilwa Kivinje. Shuleni kwake kuna uwanja, madarasa ya kulala timu ya watu ishirini, sufuria za jikoni, tangi la maji, kengele ya kuanzia mbio, na walimu wenzake wa kushika stopwochi. Ana na kitu ambacho hakuna jaji mstaafu wa Dar anaweza kukichangia: watoto mia nne wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na macho ya kuwaona. Yule binti anayemaliza mchakamchaka wa asubuhi bila kuhema, mwalimu wake anamjua kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kumjua. Mkoa wa Mtwara ulipokea fainali za kitaifa za UMISSETA mwaka 2019 na tena 2021. Watoto wa shule za sekondari waliona wenzao wa Manyara na Arusha wakikimbia kwenye vumbi letu. Sijaona chuo chochote hapa kilichokwenda shuleni baadaye kuuliza ni nani kati ya waliotazama aliyeanza kukimbia.

Msimu wenye vituo sita kwa wahitimu sita unahitaji mafuta ya gari, maji, na sabuni ya kufulia. Milioni 4 na laki 8 hazihitajiki. Laki chache zinatosha, na mfuko wa ada unabaki mzima. Hizo laki chache zenyewe zisidaiwe kila mwezi. Huku kwetu fedha zina majira: Oktoba hadi Desemba minada ya korosho inaendelea, AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinalipa, na mwalimu mwenye ekari zake mbili tatu za mikorosho anapumua. Ahadi iombwe wakati huo. Hatari yake inajulikana pia. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba, na wapo waliosubiri malipo yao kwa muda mrefu. Mfuko unaotegemea korosho peke yake utayumba na korosho.

Wapo wanaosema kusini si nchi ya wakimbiaji. Ni kweli kwamba Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia katika marathoni ya Tokyo Septemba 2025, ni mtoto wa Singida, na kwamba mabingwa wetu wengi wanatoka nyanda za juu, ambako hewa nyembamba inazoeza mapafu. Mtwara mjini iko usawa wa bahari, na joto lake linamkausha mtu kabla ya saa mbili asubuhi. Lakini hakuna anayesema tutoe Simbu. Na Newala, ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu ukaangalia bonde la Ruvuma chini, hukumbuki bahari hata kidogo. Kilima kipo, tatizo ni kwamba hakuna aliyepanga mtu akipande kila wiki mbili.

Yapo yanayonipa wasiwasi zaidi kuliko mwinuko. Mkuu wa shule atatoa ruhusa? Mwanafunzi akiteguka mguu Nachingwea, nani anabeba gharama? Mabinti wakimbie na nani barabarani alfajiri, na je, anayetaka kukimbia na mtandio na suruali ndefu atapewa jezi ya kumfaa au ataambiwa avae kama wengine? Chama cha wahitimu kikishakuwa na mchango, hata wa sufuria na madarasa, kitataka sauti: kocha awe nani, fulani mbona hakupangwa. Mwenye uwanja ataona timu ni yake. Wanaohofia haya hawakosei, na maswali yote manne yangepaswa kujibiwa kwa maandishi kabla ya mbio ya kwanza.

Kuna na jambo la kalenda ambalo ukitazama ratiba mezani huwezi kuliona. Mvua zinaisha, Juni kunakuwa na baridi ya kusi, muhula wa pili wa chuo bado haujafungwa; ndio wakati mzuri kuliko wote wa nyika. Lakini ndio wakati mikorosho inapuliziwa salfa, na mashine za salfa zinatoka alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Saa hiyohiyo mkimbiaji anataka barabara ya mashambani. Ukipita humo unarudi na macho mekundu na kifua kinachokwaruza. Mbio ziwe jioni, au ziwe kwenye njia zisizopakana na mikorosho, na njia hizo anazijua mwalimu wa pale, hazijulikani ofisini chuoni.

Na Juni shule zinafungwa. Madarasa yanakuwa matupu, jambo zuri kwa kulala timu, ila walimu wengi wanasafiri kwao na wenye vipaji wako kambini UMISSETA. Kwa hiyo atakayepanga msimu wa kwanza ana wiki chache za Mei, kabla shule hazijafungwa, na nyingine za Julai, kabla chuo hakijafungwa. Mbio sita zitaingia hapo kwa shida. Nne zinaingia.