Muhuri wa maji baridi hauzuii barafu

Kila msimu wa baridi ukikaribia huku Finland, naulizwa lile lile: ninunue regyuleta gani ya kupigia mbizi chini ya barafu? Ndicho kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungini mdomoni. Nzuri zipo, mwenye pesa atazipata. Kinachowaangusha watu ni maandalizi, na hayo hayauzwi dukani.

Wengi wanauegemea mno muhuri wa EN 250. Kiwango hicho cha Ulaya huyaita maji baridi yakiwa chini ya nyuzi 10, na regyuleta inayofaulu hujaribiwa kwenye maji ya takriban nyuzi 4. Sasa, kwenye ziwa lililoganda maji ya nyuzi 4 yako chini kabisa, kwa sababu ndiyo mazito kuliko yote. Yanayogusa barafu yako karibu na sifuri, na nje ya shimo pengine ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Zile dakika tano utakazosimama pale ukingoni, muhuri hauzijui.

Hewa ikitanuka ghafla hupoa. Aliyewahi kutoa upepo kwenye tairi anajua vali inavyokuwa baridi. Hatua ya kwanza, ile sehemu ya regyuleta inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hewa kutoka bar 200 hadi kama 10 juu ya shinikizo la maji yaliyoizunguka, kila unapovuta pumzi. Mwili wake wa shaba hungoja maji yaupe joto, na maji yenyewe hayana joto la kutoa. Kwenye hatua ya kwanza ya pistoni ya wazi, maji huizunguka springi. Yakiganda, pistoni inanasa, vali haifungi, shinikizo linapanda kwenye mpira wa kupitishia hewa, na hatua ya pili, ile ya mdomoni, inaanza kumwaga hewa. Kumwagika huko kunaongeza baridi, na mtungi wa lita 12 unakwisha kwa dakika chache. Ndiyo maana mimi nataka hatua ya kwanza ya kiwambo, yaani utando badala ya pistoni, yenye chumba kilichozibwa maji yasiifikie springi. Zile za pistoni tunazokodishiwa Zanzibar ni imara, fundi anazimudu kirahisi, na kwa maji ya nyuzi 27 sina neno nazo. Zibaki huko.

Lakini hata iliyozibwa huganda kwa ndani ikiwa na unyevu. Mtu anaisuuza kwenye ndoo huku anabonyeza kitufe cha kupuliza, na haijafungwa kwenye mtungi wenye hewa. Maji yanapanda kwenye mpira hadi hatua ya kwanza, kisha wiki inayofuata analaumu kiwanda. Ikaushe, uifunike kifuniko kilichokauka. Muulize anayekujazia mtungi alibadilisha lini kichujio cha kompresa, kile kinachokausha hewa, hata akinuna. Futa theluji kwenye mdomo wa vali kabla ya kufunga. Na mwambie fundi ashushe shinikizo la kati, lile la hewa inayotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, hadi kiwango cha chini anachoruhusu mtengenezaji. Usiguse mwenyewe kwa bisibisi ya jikoni.

Kinachonikera kuliko vyote ni kuonja hewa ukingoni. Utamwona mtu amekaa kwenye shimo la pembetatu, miguu majini, anavuta pumzi tatu nne eti anajaribu. Pumzi anayotoa ina mvuke, na ndani ya hatua ya pili mvuke huo unageuka barafu juu ya kile kijiti kinachofungua vali, kabla hajalowesha kichwa. Jaribu ndani, penye joto. Pale McMurdo, Antaktika, ambako bahari iko karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, wapiga mbizi wa utafiti wa Marekani huvuta pumzi ya kwanza kichwa kikiwa tayari chini ya maji. Na hubeba regyuleta mbili kamili, kila moja na vali yake.

Hiyo ya pili ndiyo watu huiona ghali. Mimi naiona ya lazima kuliko kompyuta mpya ya kupigia mbizi. Mpira wa suti kavu, ile isiyoingiza maji, uutoe kwenye moja, wa jaketi la kuelea kwenye nyingine, na uzijaze hewa kidogo kidogo, si wakati unavuta pumzi. Moja ikianza kumwaga hewa, unahamia nyingine, mwenzako anakufungia vali, mnafuata kamba kurudi shimoni. Mbizi imekwisha hapo, hata kama barafu ya kwenye regyuleta imeshayeyuka na mwenzako anakuonyesha geji yake iko bar 150.