Gygax na Arneson wahukumiwe, ila kwa kosa lao

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotimiza miaka 50 mwaka 2024, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa kitabu kinene cha nyaraka zake za mwanzo. Dibaji yake ilisema wazi kwamba ndani ya kurasa hizo mna dharau kwa wanawake na utumwa uliochukuliwa kirahisi. Basi, moto ukawaka. Hata Elon Musk alijitosa mtandaoni kumtetea marehemu Gary Gygax, aliyeubuni mchezo huo pamoja na Dave Arneson. Upande mmoja unalalamika kuwa wazee wametukanwa. Upande wa pili unasema mchezo wenyewe tangu mwanzo ni wa kuua na kupora, sasa unatetewa nini?

Kwa asiyeujua, kila mchezaji anabeba mhusika wake, tuseme mpiganaji au mchawi, na mtu mmoja, ambaye vitabu vya kwanza vilimwita refa, anawaeleza walichokuta handakini na kuamua mambo kwa msaada wa dadu. Gygax na Arneson walitokea kwenye michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago. Toleo la Januari 1974, kutoka Lake Geneva, Wisconsin, lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, bei dola 10, nakala 1,000. Viliandikwa ovyo, hilo halina ubishi. Vilimtaka mnunuzi awe pia na Chainmail, kanuni za vita za 1971, pamoja na ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa.

Tuje kwenye shtaka la kuua. Chukua toleo la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 za uzoefu ili apande ngazi ya pili. Akiua orki mmoja, zimwi la kawaida la mahandakini, kuna pointi 10, nazo zinagawanywa kwa kundi zima. Lakini kila sarafu ya dhahabu inayofika nyumbani salama ni pointi moja. Mchawi anayeanza anarusha dadu ya pande nne kujua ana uhai kiasi gani, ana uchawi mmoja tu kwa siku, na pigo moja la silaha laweza kumtoa pointi 6 za uhai. Piga hesabu mwenyewe: nani mwenye akili atatafuta ugomvi?

Tena zimwi halikuwa na lazima ya kushambulia. Refa alirusha dadu mbili: ikija 2, linakuvamia papo hapo, ikija 12, limekupenda, katikati halijaamua, na hapo ndipo maneno yako, au rushwa yako, vinapofanya kazi. Upande wa mazimwi ukipoteza mmoja wao, dadu zinarushwa tena kuona kama waliobaki watakimbia. Wakosoaji wanaotazama picha za mapanga na orodha za silaha hulipita hili bila kulisoma.

Hata hivyo, vijitabu vya 1974 vilitoa pointi 100 kwa kila ngazi ya zimwi lililouawa. Aliyecheza mwaka ule wa kwanza alilipwa kweli kwa kuchinja, mpaka kijitabu cha nyongeza cha 1975, Greyhawk, kilipoyapunguza sana malipo hayo.

Na utetezi wangu una tundu ambalo watetezi wenzangu hawapendi kulitazama. Kama kuua hakulipi, kinacholipa ni kuchukua mali ya wenyewe. Unaingia makao ya watu, kwa sababu orki wana wake na watoto, unazoa dhahabu, unaondoka umepanda cheo. Wanaosema mchezo una harufu ya ukoloni wana hoja, na jedwali la dadu mbili haliifuti.

Kuhusu wanawake ndiyo kabisa. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za mwanamke wa kibinadamu chini ya kile cha mwanamume. Kabla ya hapo, mwaka 1976, jarida la The Dragon lilichapisha makala iliyotaka wahusika wa kike wapimwe kwa uzuri badala ya haiba. Husemwa kwamba zama zilikuwa hivyo. Siyo. Gygax mwenyewe aliandika mwaka 1975 kwamba ameshatuhumiwa kudharau wanawake, na jibu lake lilikuwa kejeli. Malalamiko yalimfikia miaka mitatu kabla ya kikomo kile kuchapishwa.

Kwa hiyo dibaji ya 2024 ningeiacha kama ilivyo, sentensi zake zote. Ningeongeza ukurasa mmoja tu kando yake: jedwali la dadu mbili, ambalo limo tangu vijitabu vya 1974, pamoja na maelezo ya namna lilivyotumika mezani.