Mwalimu aliyesema "sijui"

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la binti yangu hapa Marekani. Mwalimu, mama wa makamo, alikuwa akionyesha jedwali kwenye kompyuta, hesabu ikagoma. Akawageukia watoto: "Sijui nimekosea wapi. Nani atanionyesha?" Mtoto wa miaka kumi akaenda mbele, akabonyeza kisanduku kimoja, akaeleza kuwa namba ile kompyuta imeisoma kama maneno. Mwalimu akachukua kalamu, akaandika. Hakuna aliyecheka. Mimi huku nyuma machozi yananilengalenga.

Si tabia yake tu. ISTE, shirika la Marekani la teknolojia katika elimu, lilitoa viwango vya teknolojia vya wanafunzi mwaka 1998, vya walimu vikafuata 2000. Katika vile vya walimu vya 2017, cha kwanza kabisa kinamtaka mwalimu awe mwanafunzi, kabla hata ya kuwa kiongozi.

Kwetu nyumbani tunahesabu mashine, si anachojua mwalimu. Mnazijua zile kompyuta zilizofunikwa vitambaa, ufunguo uko kwa mkuu wa shule. Tunasema zinalindwa zisiharibike. Mimi naamini kinacholindwa ni heshima ya mwalimu, asije akaumbuka mbele ya watoto.

Najua mtakachosema: kaondoka juzi, leo anatufundisha. Umeme kwanza, madawati kwanza. Kweli kabisa, sibishi. Lakini mimi nimefundishwa na walimu haohao. Mmoja alituchorea kibodi ubaoni kwa chaki, kila herufi mahali pake, tukachapa kwa vidole juu ya dawati tupu. Siku ya kwanza kushika kompyuta yenyewe, vidole vilijua njia. Nitamdharau vipi mtu huyo? Kinachoniuma ni kwamba aliitiwa semina ya siku mbili, akapewa cheti, na hakuna aliyemuuliza anajua nini na anakwama wapi.

Na msiniambie viwango ni mambo ya Wamarekani. UNESCO ina mfumo wake wa stadi za TEHAMA kwa walimu tangu 2008, ukapitiwa upya 2011 na 2018: ngazi tatu, stadi 18, na umeandikwa ili kila nchi iurekebishe kwa hali yake.

Jana nimempigia mdogo wangu, naye ni mwalimu. Nikamuuliza, kompyuta ikikugomea mbele ya darasa unafanyaje? Akanyamaza.

"Nawaambia mtandao umekatika, watoe madaftari."