Ukoka ukikauka, uacheni ukauke

Jumamosi iliyopita niliamka saa tisa na nusu usiku kwenda kucheza gofu, mke wangu akafungua jicho moja akaniuliza hivi wewe uko sawa kweli, maana hapa Phoenix mwezi wa saba hata ndege wanajificha. Lakini ndo hivyo, kama una kodi ya nyumba na nyumbani kuna watu wanasubiri hela ya mwisho wa mwezi basi Arizona unacheza gofu kiangazi, bei inaporomoka, kile kiwanja ambacho mwezi wa pili ukiona bei yake unaizima simu taratibu, mwezi wa saba unaweza ukakifikiria. Sharti uanze alfajiri tu. Saa kumi na mbili tuko kwenye shimo la kwanza na joto tayari ni kama nyuzi 30, mchana linapita 40.

Tulicheza We-Ko-Pa, klabu ya gofu nje ya mji, ule uwanja wao unaoitwa Saguaro. Ni jina la ile kaktasi ndefu yenye mikono unayoionaga kwenye sinema za makauboi, na wenyeji wanaitamka sawaro. Huo mti, sijui niuite mti, unaweza kufika miaka 50 au 75 ndo unaanza kuota mkono wa kwanza, na unaishi hata 150. Kwa hiyo ukiona mmoja una mikono mitano umesimama kama trafiki pembeni ya feawei, ile njia ya nyasi ya kupigia mpira kuelekea shimo, jua ulikuwepo kabla babu yako hajazaliwa. Na sheria ya jimbo inaulinda, huukati ovyo.

Sasa kinachonifanya niandike. Mimi gofu niliijua utotoni kwa kubeba begi za wazee kwenye klabu ya mkoani kwetu, na pale hapakuwa na grini, yaani ile sehemu ya nyasi laini yenye shimo. Tulikuwa na brauni, mchanga umemwagiwa oili chafu ukashindiliwa, mtu akishapita unaburuta gunia kufuta nyayo halafu mwenzake anapiga. Kiangazi uwanja mzima rangi ya vumbi, na watu wanacheza, wanabishana, wanadaiana bia. Kwa hiyo ile habari kwamba gofu bila zulia la kijani siyo gofu mimi haijawahi kuniingia, na huku Arizona ndo hainiingii kabisa, kwa sababu kuna viwanja humu mjini vimepandwa nyasi kila pembe, miti ya kuletwa, vidimbwi vyenye chemchemi za kurusha maji hewani, ukiwa katikati unaweza ukadhani uko Florida. Sasa si ungeenda Florida.

Pale Saguaro ni kinyume. Nyasi zipo pale unapotakiwa kupiga tu, kote kulikobaki wameliacha jangwa na miiba yake, mawe yake na sungura wake wenye masikio kama ya punda. Waliouchora ni Bill Coore na Ben Crenshaw, huyo wa pili ndo yule aliyebeba Masters, yale mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1984 na 1995, na uwanja ulifunguliwa 2006. Feawei pana, za kumhurumia mtu kama mimi, zinafuata tu mlalo wa ardhi. Halafu hakuna nyumba! Huko Scottsdale, mji jirani, kuna viwanja unapiga mpira huku unaombea dirisha la jiko la mtu. Hapa unaona vilima, na upande jua linakotokea ile milima ya vilele vinne, ambayo ndo We-Ko-Pa yenyewe kwa lugha ya Wayavapai, wenyeji wa asili wa huku.

Ardhi ni yao, Wayavapai wa Fort McDowell. Na wamebaki nayo kwa kupigana maana serikali ilitaka kujenga bwawa la Orme, ambalo lingezamisha zaidi ya nusu ya ardhi yao ili miji ipate maji. Mwaka 1981 wakaandamana kwa miguu siku tatu hadi Phoenix, mwaka huohuo mpango ukafutwa. Nilikuwa nawaza hilo nimesimama nasubiri zamu, kwamba pangeenda vingine bonde kubwa hapo chini lingekuwa ziwa.

Haya, nyasi. Inayomea huku kiangazi wanaiita bermuda, wenzangu hiyo ni ukoka, ukoka uleule wa uani kwa bibi. Ukoka ukipigwa na baridi unalala, unageuka rangi ya makuti makavu, haujafa, umelala tu. Lakini viwanja vingi ikifika mwezi wa kumi vinafunga wiki kadhaa, wanaunyoa ukoka hadi chini, wanamwaga mbegu za nyasi nyingine ya baridi na kuimwagilia hadi ishike, ili mgeni wa mwezi wa kwanza apige picha ya kijani. Maji yote hayo kwa ajili ya picha. Jimbo lenyewe linabana, viwanja vipya vya mashimo 18 maeneo haya vimewekewa kikomo cha ekari 90 hivi za nyasi, na mimi naona kikomo hicho kimeisaidia gofu kuliko wachoraji wengi. Waache ukoka ulale bwana. Mpira ukigonga nyasi kavu unakimbia mbele kama unafukuzwa, raha tupu.

Shimo la sita mpira wangu ukaenda kulia ukaingia kwenye cholla. Hii ni kaktasi fupi yenye manyoya ya miiba, vipande vyake vinanasa nguo ukipita karibu, wanasema inaruka. Jamaa yangu wa Mombasa akaniambia kaka achana nao, dondosha mwingine ukubali pigo moja. Mimi mbishi. Nikatoka na kipande kimeng'ang'ania goti, kukishika huwezi maana kinahamia kwenye vidole, jamaa akachomoa kitana mfukoni akakichokonoa na kukirusha mbali huku anacheka, "bwana weee, mie nlijua tu." Ana kipara. Kitana cha nini, nikamuuliza. Akasema ndo hiki cha wabishi.

Nilimaliza na mapigo 103, yeye 91, na kwenye gofu mwenye machache ndo mshindi. Nyoka anayetikisa mkia kama kayamba hatukumwona, tuliona mbweha wao mmoja tu anakatiza shimo la 14 wala hana haraka. Mwezi wa nane tunarudi, saa ileile, kitana nimeshanunua. Mke wangu sijamwambia bado.